Kufunga Chambo cha Manyoya
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri ilipotuandikia kututaka tuseme neno juu ya kazi ya mikono ifaayo kufanywa na karani baada ya saa za afisi, tulisita sana. Kwa maana kazi tuliyojifunza sisi watano, wakazi wa Temeke na Kinondoni, haijengi nyumba, haioti shambani, wala haijamletea mmoja wetu hata shilingi moja. Ni kazi ya kufunga manyoya ya ndege juu ya ndoana, kwa ajili ya samaki asiyepatikana katika maji yetu yoyote, tangu Msimbazi hata Rufiji. Walakini barua ya Halmashauri ni barua, na karani hana budi kujibu barua.

Samaki huyo ni samoni wa Bahari ya Atlantiki. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini akakua, kisha hurudi kuupanda mto ule ule aliozaliwa ili atage mayai. Ajabu yake ni kwamba akiisha kuingia mtoni hali tena. Huweza kukaa miezi mingi akiishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini alipokuwa baharini. Basi mvuvi wa Uskoti hawezi kumtega kwa chakula, maana chakula hakitaki. Humtega kwa rangi na mwendo: kitu kidogo chenye manjano, nyekundu, buluu na mng'ao wa fedha, kipitacho mbele ya macho yake katika mkondo wa maji. Kwa nini akirukie kitu asichokusudia kukila, wataalamu hawajakubaliana hata leo. Waingereza hukiita kitu hicho nzi, ijapokuwa hakifanani na nzi yeyote aliyeumbwa. Sisi twakiita chambo cha manyoya, na tukisema chambo leo mfahamu hicho.

Mtauliza jambo hili lilitufikiaje Temeke. Lilitujia kwa njia ya Kenya. Mnamo mwaka 1905 walowezi wa Kiingereza walitia samaki aina ya trauti, walioletwa kutoka Uskoti, katika mito ya baridi ya milima ya Nyandarua. Trauti huvuliwa kwa chambo cha manyoya, na wenyeji wakajifunza kukifunga. Baadaye kazi hiyo ikawa biashara, na hata sasa mikono ya Wakenya hufunga vyambo vinavyouzwa Ulaya na Marekani. Mmoja wetu ana shemeji aliyefanya kazi katika karakana ya namna hiyo Nairobi. Alipokuja Dar es Salaam kwa harusi alileta jiliwa dogo la kushikia ndoana, mkasi mwembamba, na vyambo vitatu vya samoni vya kale ndani ya kibweta cha bati. Vyambo vya trauti ni vidogo, na stadi huvifunga kwa dakika chache. Hivi vya samoni, alisema, humchukua mtu saa nyingi, na yeye mwenyewe alikuwa amevifunga vinne tu maishani mwake. Alituachia vitatu, akatuambia, “Msiviangalie tu. Vifumueni.”

Tuliona uchungu kuvifumua, lakini baadaye tulisoma habari za Bibi Megan Boyd wa Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2001, tukajua ya kuwa yule shemeji alisema kweli. Baba yake Bibi huyo alikuwa mlinzi wa mto. Alifundishwa kazi akiwa mtoto, na mwalimu wake alimpa vyambo vya zamani avifumue, kisha avifunge upya kwa vitu vile vile. Aliishi katika nyumba ndogo ambayo kwa miaka mingi haikuwa na umeme, akifanya kazi kibandani karibu na dirisha. Vyambo vyake vilitafutwa na matajiri na wana wa wafalme, lakini yeye hakuvua samaki hata mmoja. Mwaka 1971 Malkia wa Uingereza alimpa nishani, naye hakwenda kuipokea, kwa kuwa siku ile hakuwa na mtu wa kumwangalizia mbwa wake.

Sasa tuingie kazini. Chambo tulichojifunzia huitwa Jock Scott. Kilibuniwa katikati ya karne ya 19 na mtumishi wa Lord John Scott, naye mtumishi huyo ndiye aliyeitwa Jock Scott. Tulifurahi kusikia ya kuwa chambo kilichukua jina la mtumishi.

Kwanza ni ndoana. Ndoana ikiisha kukazwa katika jiliwa, mti wake ulale sawa kama meza, kisha uitekenye kwa ukucha. Ndoana njema hulia kama uzi wa zeze. Isiyolia ina ufa, au haikushikwa barabara. Ndoana za kale za samoni hazikuwa na tundu. Mfungaji alifunga chini ya mti wake kitanzi cha uzi mgumu uliovutwa kutoka katika tezi za kiwavi wa hariri. Sisi tulinunua Kariakoo ndoana za kawaida za baharini zenye bapa mwishoni, tukafanya kitanzi kwa nailoni ya mshipi iliyosokotwa mara tatu. Miisho ya kitanzi ikatwe kwa mshazari, wala isiishe mahali pamoja, ama sivyo patatokea kinundu. Kumbukeni kinundu hicho, maana tutakirudia.

Uzi wa kufungia uwe mwembamba, wenye nguvu, uliopakwa nta ya nyuki. Kila mzingo ukae ubavuni mwa mwenzake bila kumpanda. Mwanzoni tulifunga kama watu wafungao mzigo wa kusafirisha Kigoma: mizingo kumi pale palipotakiwa mitatu. Kila mzingo wa ziada huongeza unene, na unene haufichiki.

Karibu na mkunjo wa ndoana huzungushwa zari nyembamba ya fedha, mizingo mitatu au minne, kisha hariri ya manjano kidogo. Juu yake hukaa mkia, nao ni unyoya wa shungi la ndege wa Uchina wa jamii ya kuku, mwenye rangi ya dhahabu. Unyoya huo umepinda kama mwezi mwandamo, na ncha yake hutazama juu. Sisi tulitumia unyoya wa shingo ya jogoo mwekundu wa kienyeji, tukaupinda kwa mvuke wa birika. Wauzaji wa kuku wa Kisutu walitupa manyoya bure, wakitucheka. Tuliyafua kwa sabuni, tukayachemsha kwa rangi za unga zinazotiwa ukili wa mikeka, pamoja na siki kidogo ili rangi ishike. Manjano ilikubali tangu siku ya kwanza. Nyekundu ilitutia vidole rangi kwa juma zima, na afisini tukaulizwa kama tumepiga kura.

Baada ya mkia huja kitako, yaani pete nyeusi ya nyuzi za unyoya wa mbuni. Hapa wengine mtashangaa kama tulivyoshangaa sisi. Katika chambo hiki cha mabwana wa Uskoti, pete hiyo ni mbuni, na koo lake, kama mtakavyoona, ni kanga. Wote wawili ni ndege wa Afrika. Manyoya ya mbuni tuliyapata katika kifutio cha vumbi, nacho, Bwana Mwenyekiti, kilikuwa mali yetu wenyewe wala si cha afisi.

Kiwiliwili kina sehemu mbili sawasawa. Ya nyuma ni hariri ya manjano iliyozungushwa zari, ikiishia kwa manyoya madogo juu na chini na pete nyingine ya mbuni. Ya mbele ni hariri nyeusi, yenye zari pana kidogo na unyoya mweusi wa shingo ya jogoo ukiifuata. Hariri haipendi mkono mkavu wenye magamba. Hunasa na kuchanika nyuzi, na wino wa afisini ukiwamo kidoleni, manjano yote hupotea. Mizingo ya zari iachane kwa nafasi moja. Kwa desturi huhesabiwa mitano. Msipime kwa rula. Macho huzoea, kama yazoeavyo kuacha nafasi ukingoni mwa barua. Kisha chini ya mahali pa bawa hufungwa koo, nalo ni unyoya wa kanga wenye madoa meupe. Huo tuliupata kwa mfugaji wa Mbagala.

Na sasa bawa, ambalo limetulaza macho miezi mitatu. Utazamapo unyoya mpana wa bata mzinga utaona umefanywa kwa nyuzi nyingi zilizoshikana. Hazikushikana kwa gundi. Kila uzi una vijikulabu vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu, navyo hukamata uzi wa jirani yake. Ndiyo sababu ndege akiisha kuchafuka manyoya huyapitisha mdomoni yakawa mazima tena. Mfungaji huitumia hali hiyo. Hukata ukanda mwembamba wa unyoya mwekundu, mwingine wa manjano, mwingine wa buluu, mwingine wenye madoa, akauweka ubavu kwa ubavu na kuupapasa taratibu toka shinani kwenda nchani, nayo ikashikana kama unyoya mmoja uliozaliwa na rangi nne. Wenyewe kazi hiyo huiita kuoza, na kweli ina masharti kama ya ndoa. Manyoya ya upande wa kushoto wa ndege hushikana na ya kushoto, na ya kulia kwa ya kulia. Ukichanganya pande mbili, kanda zinapindana na kuachana mikononi mwako. Tulipoteza majuma mawili kabla ya kulijua hilo, tukiilaumu rangi, tukilaumu upepo wa barazani, tukimlaumu hata bata mzinga.

Mabawa mawili yakiisha kutengenezwa hushikwa pamoja kwa kidole gumba na cha shahada juu ya kiwiliwili, na uzi hupitishwa kwa ulegevu, kisha huvutwa kwenda chini moja kwa moja. Bawa la kwanza tulilolifunga lilikuwa zuri mkononi. Tulipovuta uzi liligeuka ubavu, likalala kama mlevi. Tukalifungua, tukalifunga tena, likalala tena. Mara ya tano tulipima kiwiliwili, tukaona kwamba mbele palikuwa na kinundu, pale miisho ya kitanzi ilipokwisha mahali pamoja. Bawa halikosi kufuata umbo la kile lilichokalia. Kosa lilifanyika katika dakika kumi za kwanza, nalo likaonekana baada ya saa saba. Hapakuwa na dawa ila wembe: kukata yote na kuanza tena na ndoana tupu. Mmewahi nanyi kupiga hesabu ya mwezi mzima, mkaikuta imekosana kwa sababu ya tarakimu moja ya tarehe mosi. Basi mwajua uso tuliokuwa nao usiku ule.

Baada ya bawa huja mashavu, na hapa hatuna budi kusema jambo lililotutenga.

Shavu la Jock Scott, katika kanuni ya kale, lina unyoya wa buluu ya kung'aa wa ndege wa misitu ya Amerika ya Kusini. Karne ya 19 ilikuwa karne ya manyoya. Meli zilileta London ndege wa kila bara kwa ajili ya kofia za wanawake, na wafungaji wa vyambo waliokota yaliyobaki. Mwaka 1895 George Kelson alitoa kitabu kikubwa kiitwacho The Salmon Fly, chenye kanuni za vyambo vingi kwa manyoya ya ndege wa namna hiyo. Mwaka 1921 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza uingizaji wa manyoya, lakini kanuni zilibaki kitabuni, na tamaa ikabaki pamoja nazo. Mwezi Juni mwaka 2009 kijana Mmarekani, mwanafunzi wa muziki London na fundi hodari wa vyambo, alivunja dirisha usiku katika makumbusho ya ndege yaliyoko Tring, akatoka na ngozi za ndege 299 ndani ya sanduku la safari. Baadhi zilikusanywa na Alfred Russel Wallace katika karne ya 19. Aliziuza kwa wafungaji wenzake, na nyingi zilikatwa lebo zao miguuni. Makarani wenzetu, twaomba mfikiri juu ya lebo hizo. Ngozi isiyo na lebo yake haijulikani imetoka wapi wala mwaka gani. Ni jalada lililong'olewa namba: karatasi zipo, lakini hazimjibu mtu tena.

Tuliisoma habari hiyo kwa pamoja barazani, tukatikisa vichwa, kana kwamba ni mambo ya mbali. Haukupita mwezi, ndugu yetu mmoja, fundi kuliko sisi sote, alikuja na bahasha ya khaki. Ndani yake mlikuwa na mabawa mawili ya yule ndege apendaye kukaa juu ya nyaya za simu kandokando ya barabara kuu, ambaye hamdhanii kuwa na uzuri mpaka arukapo akafunua buluu yake. Alikuwa ameyanunua kwa kijana mmoja safarini. Buluu ile, Mabwana, hatujaiona katika rangi yoyote ya mkeka. Tuliishika kila mmoja kwa zamu, wala hakuna aliyeirudisha upesi.

Kisha mmoja wetu alisema kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 huhesabu manyoya kuwa ni nyara, na mtu akiwa na nyara lazima awe na kibali. Yule ndugu alijibu ya kuwa ndege amekwisha kufa, na kumtupa hakumfufui. Neno hilo lina uzito, hatukulidharau. Walakini sisi ni watu tunaokula mshahara wa Serikali. Na tena tuliona kwamba chambo kimoja chahitaji manyoya mawili tu, na kijana yule wa barabarani, akijua Dar es Salaam kuna wanunuzi, hatakoma kwa ndege mmoja. Tukamtaka ayapeleke kwa maafisa wa wanyamapori na kueleza alivyoyapata. Alikasirika, akasema tumemfanya mwizi mbele ya wenzake, akachukua bahasha yake akaenda. Alikoyapeleka hatujui. Hatukumshtaki, wala hatukumfuata siku ile kumsemesha, nasi hatuna hakika kama katika mambo hayo mawili tulitenda lililo sawa. Jina lake hatulitaji, wala afisi yake.

Mashavu yetu tuliyafanya kwa manyoya ya kifua cha kuku mweupe, yaliyotiwa buluu. Si mazuri kama yale. Juu ya bawa hulazwa unyoya mwingine wa shungi, ukilifuata bawa kama mgongo wa jahazi, na mwisho kichwa hufungwa kwa uzi mweusi, kidogo iwezekanavyo, kikapakwa vanishi mara tatu. Rangi ya kucha hufaa pia, ila mke wa mmoja wetu alitaka kujua imepungukaje.

Mzee mmoja wa mtaani alituuliza kama si anasa kutengeneza kitu kisichotumika. Tukaona haya, tukachukua ndoana kubwa zaidi, tukafunga chambo chepesi cha manyoya meupe na zari, kwa mpango ule ule lakini bila madoido, tukampelekea mvuvi wa Kunduchi. Alikitazama pamoja na kile Jock Scott, akasema kuhusu hicho cha pili, “Hiki kimevaa kuliko mimi siku ya Idi.” Cheupe alikifunga katika mshipi wake wa kurambaza. Wavuvi wetu wa pwani wamejua zamani kwamba nguru na kolekole hufuata kitu cheupe chenye kumeta, kwa hiyo hatukumfundisha neno. Alipata kolekole wawili. Wa tatu aliondoka, akaacha ndoana imevuka manyoya. Mzee alitulazia mabaki kiganjani, akatuonyesha kwa ukucha mahali palipokatika: si kwenye bawa wala kiwiliwili, bali katika mizingo ya kwanza kabisa ya kitanzi, ambayo hatukuipaka nta, kwa kuwa tulidhani haionekani.

Tumeanza tena. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi alasiri barazani Temeke, na mwanachama yeyote apendaye na aje na ndoana zake, uzi na mkasi mkali. Majiliwa tuliyo nayo ni matano, tuliyochongewa na fundi kwa mfano wa lile la Nairobi. Manne hutumika. La tano limefunikwa kitambaa lisiingie vumbi, na ndani yake imo ndoana iliyokwisha kufungwa kiwiliwili, sawa kabisa, bila kinundu, inayongoja bawa. Twaambiwa maneno haya yatapigwa chapa katika jarida la Chama, na mwenye jiliwa hilo ni msomaji wa jarida. Hatujaigusa ndoana yake.